Flashi ya Owuor

Akeyo, uko? Wueh! Owuor ameniaibisha leo, na nimemlipa hapo hapo.

Kliniki yetu hapa Mamboleo, ninapofanya kazi mapokezi, kompyuta zimekataa tangu asubuhi. Programu haiongei na seva, ati haiamini cheti chake, kile kitambulisho cha seva. Owuor, fundi wetu, akasimama mapokezi mbele ya daktari na wagonjwa: "Huyu mama amegusa kitu. Ametuharibia."

Huyu mama! Mimi!

Nikafungua mipangilio kwa ile skrini kubwa ya wagonjwa. Kuna mstari mmoja unaoiambia programu itafute wapi vyeti vya kuaminika. Nikamwambia, "Bwana Owuor, tusomee. Kwa sauti."

Daktari akasoma mwenyewe: folda ya vyeti iko kwa flashi inaitwa OWUOR. Flashi yake! Ile alichomoa jana akaenda nayo nyumbani, ndiyo maana programu haina vyeti vya kuangalia.

Wagonjwa walicheka, Akeyo. Hata yule mzee wa presha.

Sasa ananiandikia, "Tafadhali Mama, flashi imefuliwa na suruali. Uko na nakala ya vyeti?"

Ninayo. Nimemjibu aje aniombe palepale mapokezi, kwa sauti ileile. Wagonjwa bado wamejaa, watasikia vizuri.