Kofia Haipigi Kura

Varden Creek, Iowa
Jumanne, 4 Februari

Mpendwa mwanangu Darrin,

Kaa kitako kwanza, maana barua hii inatoka kwenye mkono uliomchagua rais ajaye wa nchi hii. Wala siongezi chumvi.

Habari za huko Alaska? Mkeo Kirsa hajambo? Na mapacha, wamekwisha kuota meno? Sisi huku tu wazima. Joleen wangu bado anakoroma, mgongo wangu bado mbovu, na baridi ya wiki jana ilikuwa ya kutisha: Gus Ubben alikamua ng'ombe ikatoka aiskrimu. Nimeila mwenyewe.

Sasa nikupe ya jana. Umekaa mbali miaka tisa, labda umesahau mambo ya huku. Chama chetu hapa hakimchagui mgombea kwa karatasi ya siri. Tunakutana kwenye ukumbi wa michezo wa shule saa moja jioni, kila mgombea na kona yake, nawe unakwenda kusimama kwenye kona ya umpendaye huku majirani wote wanakukodolea macho. Halafu tunahesabiwa vichwa. Jana tulikuwa sabini na wanane, na kundi lisilofika watu kumi na wawili linavunjwa, watu wake wakatafute kwingine. Tena kuna sheria mpya: muda ukiisha na kundi limetimia, waliomo wamefungiwa humohumo, hawatoki.

Mimi ndiye nahodha wa kona ya Gavana Trask. Nasema kona, lakini tulijaza nusu ya ukumbi. Gavana alipopita hapa Desemba alinishika mkono dakika nne nzima, akasema hajawahi kukutana na kichwa kama hiki.

Mama yako Ardis alikuwa chini ya kikapu cha mpira na watu wa Bi. Lindqvist, kumi na wanne kwa jumla. Kwenye kiti cha pembeni aliiweka kofia ya marehemu baba yako, ile ya kijani ya kampuni ya mbegu. Kisa unakijua: Bi. Lindqvist alikwenda hospitali akakaa na Merle saa nzima bila mpiga picha hata mmoja, na kaka yangu akamwambia Ardis, siku ya mchujo nisimamie. Basi Ardis akaapa kona hiyo haitavunjwa.

Mimi sina ugomvi na Bi. Lindqvist. Mtu mzuri. Ila hashindi! Novemba tunapambana na chama kile kingine, na wao hawatafuti nani alimshika mgonjwa mkono. Nikawaeleza hivyo. Lavonne Petty akanirukia: "Delmar, hizi si mbio za farasi! Mkituletea huyo Trask wenu, mimi Novemba nabaki nyumbani naoka keki."

Nikamwambia, "Mumeo Roy naye ulimchagua kwa moyo, Lavonne. Yuko wapi leo?"

Ukumbi mzima unajua Roy yuko wapi, na yuko na nani. Lavonne akawa mwekundu kama nyanya, akachukua mkoba wake akavuka kuja kwangu, maana kubaki pale akitazamwa ilikuwa mbaya zaidi. Mmoja huyo. Kisha nikamuuliza Gus Ubben mwezi wa kumi atavuna kwa mashine ya nani, maana yangu haivuni mahindi ya watu wa Lindqvist. Gus akavuka na mkewe, hata hawakutazama nyuma. Hesabu mwenyewe: kumi na wanne toa watatu. Ardis amebaki na kumi na mmoja, na dakika zilizobaki hazifiki tano.

Akaivuta ile kofia karibu. Nikapaza sauti: "Shemeji, kofia haipigi kura!" Watu walicheka mpaka viti vikalia.

Akanijibu polepole, "Delmar, nilimwahidi ndugu yako."

Nikamwambia, "Ndugu yangu angekuwa hai angesimama na washindi. Wewe ndiye uliyemzoesha kushindwa."

Aliichukua kofia akaiweka mapajani, akawa anapitisha kidole kwenye ukingo wake. Neno lile lilikuwa zuri sana, mwanangu. Nimeliandika kwenye kalenda nisije nikalisahau.

Tangu asubuhi mama yako hapokei simu zangu. Ukizungumza naye mwambie aache utoto, siasa ni siasa. Na ukisikia watu wanasema yaliyotokea pale mwishoni, ujue wana wivu.

Wasalimu sana Kirsa na wazazi wake. Wabusu mapacha, uwaambie babu yao mdogo anajulikana mpaka Washington. Joleen anakusalimu, anauliza kama soksi zilifika. Mungu awakinge na baridi hiyo, awape kazi isiyokatika na usingizi mzito.

Basi, kwa kuwa gazeti la hapa limetoa picha na Ardis atakutumia, bora usikie kwangu. Neno lile la kushindwa huwezi kulirusha toka upande wa pili wa ukumbi. Utamu wake ni kulisemea karibu. Kwa hiyo nilivuka nikasimama bega kwa bega naye, na nilikuwa bado namwangalia limemwingiaje, mara Mwalimu Schoonover, msimamizi wa mkutano, akapuliza filimbi: "Muda umekwisha! Kila mtu palepale alipo!" Akapita anahesabu kwa kidole. Tisa, kumi, kumi na moja. Akanigusa kifuani. Kumi na mbili.

Nilipiga kelele sana. Gus Ubben akaniitikia toka kona yangu mwenyewe, "Sheria ni sheria, nahodha!" Kundi likawa limetimia, mimi nimefungiwa ndani, na ikabidi nitie sahihi kadi ya Lindqvist mbele ya watu wote. Lindqvist akapata mjumbe wa kumwakilisha kwenye mkutano mkuu wa chama. Mama yako akainuka akanivika kofia ya Merle. "Haya," akasema, "imepata kichwa. Kitupu, lakini kimehesabiwa."

Nilikaa nayo mpaka mkutano ukaisha. Ilinipwaya.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye kama niliyekuzaa,
Delmar Tjaden