Herufi Zenye Vijiguu

Kibiti

Kwako mdogo wangu Twalibu, huko Mbuchi,

Asalaam aleikum. Kaka yako bado napumua, na uzuri wangu unaujua, haujapungua. Wewe, Shamsia na watoto hamjambo? Goti lako linakubali kushuka mtumbwini, au bado unabebwa kama bibi harusi?

Naongea hapa steshenari kwa Nasma, binti yake Mudathiri, yeye ndiye anachapa. Kasema nina maneno mengi. Nikamwambia na hilo alichape.

Nimefuata vile vitabu vya Yasini vya arobaini ya shemeji yako Semeni, jina lake likae juu ya jalada. Nasma akaniuliza nataka herufi gani. Kumbe herufi nazo zina makabila! Zipo zilizosimama kama fito, chini hazina kitu. Nikasema hizo upepo mmoja tu zinalala. Nataka zenye vijiguu, kama alivyosuka Semeni kwenye mkeka wetu. Wateja wakacheka, eti mzee hajui hata a, anachagua herufi. Nikawajibu Rufiji nzima hakuna jicho kama langu, mamba dume namjua kwa povu lake.

Basi Nasma akanifungulia za vijiguu. Nyingine vinene kama vya kiboko, nyingine vyembamba kama vya kunguru. Kila akiliandika jina ananigeuzia kioo cha kompyuta, anasema huyo hapo Semeni. Natazama. Simwoni.

Twalibu, mimi duniani nilijua kusoma neno moja tu: jina lake, pale kwenye mkeka wa kitandani kwetu, alilolisuka mwenyewe kwa ukili mwekundu. Sikufundishwa. Nililala nalo, nikaamka nalo. Siku ya mazishi, wewe ulipozuiwa na maji, nikajitapa mbele za watu kwamba mke wangu hafunikwi jamvi la dukani. Nikautoa mkeka ule, ukatandikwa juu ya mbao kaburini, udongo ukashuka. Watu wakanisifu, nami nikavimba.

Sasa nikifumba macho haiji hata herufi moja. Nimemzika na jina lake.

Muulize Shamsia, maana walisuka pamoja, kama kuna kipande popote chenye mkono wa Semeni. Najua jina lake alilisuka mara moja tu. Muulize hivyo hivyo. Vitabu nimesema vichapwe, ila pale pa jina paachwe peupe.

Nisalimie wote hapo, na mwenye kuniulizia mwambie Mshamu mzima, anacheka.

Ni mimi kaka yako,
Mshamu
(nimeweka dole gumba)