Barafu Chini ya Mbao

Tarehe 3, mwezi wa pili

Kwako mpwa wangu, Jaji Mdogo,

Salamu nyingi sana, na zilizobaki nimezikunja mfukoni maana bahasha ni ndogo. Huku wote wazima. Mgongo wa mama yako unamsumbua asubuhi, ikifika mchana unamsahau. Mdogo wako mzima, anakula kama fundi wa zege. Mimi usiniulize. Mwanaume wa aina yangu haumwi, anapumzika.

Saluni iko vilevile: viti viwili, kioo chenye ufa, na televisheni. Mji mzima vinyozi wanaonyesha mpira. Mimi naonyesha jimnastiki na wacheza barafu, na asiyetaka akanyolewe kwenye kelele. Mchinjaji na mwalimu mstaafu bado wanakuja kila siku, wawe na nywele za kunyoa wasiwe nazo. Wote wanakukumbuka ulivyokuwa unakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitoto kidogo, ukimkata alama binti wa watu kabla majaji hawajafumbua mdomo. "Mguu umepinda, mjomba!" Na kweli umepinda.

Sasa jambo lenyewe. Umesema kwenye simu kwamba umepata kazi kwenye ukumbi uleule tunaouona kwenye televisheni, kwamba Sindano wetu wa jimnastiki na Pangaboi wetu wa barafu, kwa majina tuliyowabandika wenyewe, unawapita ubavuni kama majirani, na kwamba kuna nafasi ya kazi ya mdogo wako, mwisho wa mwezi wa sita inafungwa. Mama yako ameniambia, "Neno lako ndilo neno. Ukisema aende, ataenda." Na mdogo wako ameshaanza kukunja nguo.

Binti yangu, mama, mimi nimetembea nchi tatu, ingawa moja niliipita nimelala ndani ya lori. Dunia naijua. Binti wa fundi viatu alituambia miaka miwili kwamba anauza maua. Amerudi, amekonda, mpaka leo hasemi alikuwa wapi. Mtoto wa pili siwezi kumtoa hivihivi. Ndiyo maana nataka barua. Kwenye simu maneno yanapita mbio, karatasi inakaa nikaisoma tena. Mashindano ya barafu ya juzi mimi niliyaona. Niambie wewe uliona nini.

Mjomba wako,
Jaji Mkuu

*

Tarehe 20, mwezi wa pili

Shikamoo mjomba,

Natumai barua hii inakukuta na mashine mkononi na ubishi mdomoni, hapo nitajua u mzima. Mimi sijambo, baridi tu inaniingia mpaka kwenye meno. Mwambie mama asilale bila kuweka mto chini ya magoti.

Umeniuliza niliona nini. Kwanza, mjomba, humu ndani hakuna mtangazaji. Hakuna anayekwambia nani kakosea. Kinachosikika ni viatu vya chuma vikikata barafu, sauti kama mtu anachana shuka. Kwenye televisheni hatukuwahi kuisikia hivyo.

Pangaboi ni mfupi, ananifika hapa begani. Alipomaliza kucheza alipita nyuma ya pazia, pale ninaposimama na ndoo yangu, akalia mpaka akashika ukuta. Kocha akampa kitambaa, akajifuta, akavuta pumzi, ndipo akaenda kukaa kwenye benchi la kusubiri alama.

Kazi yangu ni sakafu. Tukiwa na mchezo wa barafu tunaziba mashimo kwa theluji na maji. Ukija mchezo wa jimnastiki, barafu haiondoki. Tunapanga mbao juu yake, juu ya mbao tunatandika mazulia, na barafu imelala chini kimya. Siku hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, maana boriti ya kutembelea, vyuma vya kuning'inia, meza ya kurukia na zulia la kuchezea muziki vyote vinachezwa kwa wakati mmoja. Huyu anaanguka huku, yule anapigiwa makofi kule, na yule wa boriti anajisawazisha kwenye muziki wa mwenzake wa zulia.

Picha sina. Simu tunaacha kwenye kabati tukiingia kazini, ndiyo sheria.

Mdogo wangu mwambie afungashe soksi nene.

Mpwa wako

*

Tarehe 11, mwezi wa tatu

Mpwa wangu,

Marahaba. Afya zetu ni kama ulivyoziacha, mgongo umefuata ushauri wa mto na unakushukuru.

Barua nimeisoma nikiwa nimekaa, nikaisoma nimesimama, nikamsomea mwalimu, nikamsomea na mchinjaji huku nimemshika sikio. Nasema haya kwa uchungu: unanidanganya.

Pangaboi alie? Mimi nilimwona kwenye benchi kwa macho haya haya. Alicheka meno yote, akapungia mkono nchi nzima, akapuliza busu. Mtu aliyetoka kulia huwa na pua nyekundu, na pua yake ilikuwa kama ya malaika.

Barafu iwe chini ya zulia? Juzi ziwa, leo sebule? Mchinjaji anauliza kama mmeipiga pasi. Yeye ana friji kubwa, anasema barafu ukiifunika na watu wakaruka juu yake, jioni unapiga deki.

Halafu hili la vitu vinne kwa mara moja ndilo lililonimaliza. Tangu hujazaliwa naangalia jimnastiki. Anapanda mmoja, anashuka, anapewa alama, anapanda mwingine. Kama harusi, mama, bibi harusi hawaingii wanne kwa mlango mmoja! Sasa na macho haya mawili mtu angetazama wapi? Jaji Mdogo niliyemlea mimi asingeandika hivyo. Hivyo anaandika mtu ambaye ukumbi huo hajawahi kuingia.

Na picha, eti sheria. Kila asiyekuwepo mahali ana sheria iliyomzuia kupiga picha. Hata ungeleta ningeikagua. Mimi mwenyewe ninayo picha nimesimama kwenye ngazi za ndege, na ndege hiyo ni pazia la studio.

Nimemwambia mama yako kwamba mdogo wako haendi. Mdogo wako amelia, nguo amezikunjua. Mimi sikuulizi unafanya kazi gani. Hata kama ni ya aibu, rudi, kiti cha pili hakina kinyozi. Nakuuliza jambo moja tu: nani anakushika mkono ukiandika?

Mjomba wako anayekupenda bila kukuamini

*

Tarehe 29, mwezi wa tatu

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mgongo wa mama una nafuu.

Hakuna anayenishika mkono. Kama angekuwepo, angenizuia nisikuandikie hasira zangu zote.

Nilianza na barua ndefu, nikaichana. Nilitaka kukueleza mabomba yanayopita chini ya sakafu na kuigandisha barafu saa zote, nikajiona kama mtuhumiwa. Ulinifundisha kwamba jaji anakata alama kwa alichokiona, hakati kwa anachokihofia. Wewe umekata zangu zote kwa sababu ya binti wa fundi viatu.

Mdogo wangu amenipigia. Nilisikia tu anavuta kamasi. Nafasi yake bado nimeishikilia, msimamizi ameniuliza mara mbili.

Kati ya tarehe kumi na kumi na tatu mwezi ujao kuna mashindano ya timu, humu humu. Tazama au usitazame. Mitihani mimi sifanyi tena.

Mpwa wako

*

Tarehe 16, mwezi wa nne

Kwa mpwa wangu, Jaji Mkuu kuanzia leo,

Salamu zikufikie zimepiga magoti. Wote wazima isipokuwa mimi, naumwa aibu.

Sikiliza. Nimefungua televisheni, nimejaza saluni. Mchinjaji yuko kwenye kiti, nimeshaanza upande wa kushoto. Sindano anapanda boriti. Muziki unalia. Miaka yote hii muziki unalia, nami nilijua wenye televisheni wanatuwekea kutuburudisha. Nikamwambia mwalimu, "Mwalimu, mbona Sindano hafuati ngoma?" Akasema, "Nyoa, mzee." Nikakaza macho. Sindano kasimama mguu mmoja, hatikisiki, na nyuma yake, mama, nyuma ya kisigino chake, mtoto mwingine wa nguo nyekundu anapaa kichwa chini miguu juu na kutua sawasawa na kishindo cha muziki!

Nikapiga kelele, "Wapo wawili!" Mashine ikapita katikati ya kichwa cha mchinjaji kama barabara ya lami. Hata hasira hakupata, alikuwa anatazama. Tukaanza kuhesabu. Kule vumbi jeupe la mikono, mtu kwenye vyuma. Kule mwingine anakimbilia meza. Wote wanne! Walikuwepo siku zote, nami siku zote nilimtazama niliyeonyeshwa.

Basi nikakuamini, hapo hapo, na barafu yako na mbao zako. Nikamkumbuka Pangaboi nikajiuliza nilichekelea nini.

Lakini ngoja, tamu inakuja. Sindano anashuka, kamera inamfuata, na pembeni mwanamke wa nguo nyeusi, nywele kafunga nyuma, anainama kuvuta godoro. Ni wewe! Mchinjaji anasema, "Umeona mgongo tu." Nikamwambia mgongo wa niliyembeba mgongoni naujua. Mwalimu naye, "Wewe mwezi uliopita hukuamini barua nzima, leo unaamini kiuno?" Wakanicheka mpaka wapita njia wakasimama mlangoni.

Kesho yake walirudia. Nikamleta mama yako, nikamkalisha kiti cha mbele. Mgongo ulipoinama akashika mdomo, "Ndiye! Ndivyo anavyoinama akifagia." Akalia ile ya furaha. Usiku huohuo akasema mdogo wako aende. Kabla ya hapo nilikuwa nimemweleza vifaa vinne mpaka nikakauka koo, akasema, "Mimi hayo siyajui, mwanangu nimemwona?" Sasa amemwona.

Nisamehe. Thibitisha tu kwa maandishi, mama yako ataweka barua chini ya ule mto wa magoti yake.

Mjomba wako, aliyeshushwa cheo

*

Tarehe 3, mwezi wa tano

Shikamoo mjomba wangu,

Nimecheka mpaka nimeumia, na utajua kwa nini nimeumia. Mpe pole mchinjaji na barabara yake. Nashukuru nyote wazima.

Mjomba, yule si mimi.

Siku ile jino lilinivimbisha shavu, nikaruhusiwa kubaki chumbani. Nililala nimefunga kitambaa kama mzigo. Uliyemwona ni mwenzangu wa zamu, mama wa watoto wawili, ametoka mbali kuliko hata mimi. Sote tunavaa nguo nyeusi na kufunga nywele nyuma, ndiyo sare. Na nadhani sote tunainama hivyohivyo, maana magodoro ni mazito.

Ningeweza kunyamaza. Nimekaa siku tatu na barua yako nikijaribu kunyamaza. Lakini ulinilea nisimwonee haya mtu yeyote ninapokata alama, hata wewe. Sitaki mdogo wangu aje kwa sababu mama ameona mgongo wa mke wa mtu. Mwambie mama ukweli. Akikubali baada ya hapo, sawa. Akikataa, nitamwambia msimamizi aiachie nafasi, na sitamlaumu mtu.

Ila wewe uliposema umewaona wanne, nilikaa chini kwenye korido nikalia kama Pangaboi. Hilo lilinitosha.

Mpwa wako

*

Tarehe 22, mwezi wa tano

Mpwa wangu kipenzi,

Salamu kutoka kwa wazima wote. Mgongo wa mama yako umenyooka kwa shughuli za safari, sasa unamsumbua akikaa tu.

Nakuandikia kulalamika. Barua yako ya tarehe tatu haijafika. Posta hawa ni watu wa ajabu. Nimekwenda dirishani, nimegombana, nimepiga meza, yule binti wa stempu akaniambia, "Mzee, si nilikukabidhi mkononi Jumanne?" Unaona wanavyosingizia watu wazima?

Kwa hiyo sijui uliandika nini, na kwa kuwa sijui, sina la kumwambia mama yako. Kama shavu bado limevimba, sukutua maji ya chumvi ya vuguvugu, usikubali kung'olewa haraka.

Mimi nilimaliza kukuamini kabla yule mwanamke hajainama. Nilikuamini kwenye kisigino cha Sindano. Lakini mama yako haangalii visigino. Mwaka na nusu hajaona hata kivuli chako, akapewa mgongo. Wewe unataka nimnyang'anye? Mimi nimezoea kunyoa nywele, hilo silinyoi. Akija kuniuliza mwenyewe nitamjibu. Hajauliza. Ila jana aliniambia, bila mimi kufungua mdomo, "Yule mtoto kanenepa kidogo kiunoni, sijui wanamlisha nini." Kisha akanitazama kwa muda mrefu, akarudi kwenye nguo anazokunja. Sasa nani anamdanganya nani, mimi sijui, na mdomo nimeufunga.

Huyo mama wa watoto wawili, ambaye simjui na sijasoma habari zake popote, msalimie. Mwambie kuna nyumba moja huku wamemlilia kwa furaha. Si kila mtu anapata hilo akivuta godoro.

Mdogo wako anafika Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, asubuhi. Mpokee wewe mwenyewe, usimtume mtu. Akitoka tu kwenye mlango wa wasafiri, mpe simu aongee, kwanza yeye halafu wewe, sauti mbili nizisikie. Mimi nitakuwa nimekaa na yangu mkononi, na mwenye haraka ya kunyolewa siku hiyo atakuja Jumapili.

Mjomba wako