Yaya Virginie, uliyewaachisha watu morfini

Dada yetu mkubwa, Yaya Virginie Kahongya, mwaka umetimia tangu risasi zikukute kwenye barabara ya Beni, na hapa nyumbani Butembo bado hatujatulia.

Ulikuwa muuguzi asiyejua kukaa. Chai uliinywa umesimama. Kanisani ulichagua benchi la mlangoni, ili ukiitwa kwa mgonjwa utoke bila kusumbua watu. Watoto wa jirani uliwakagua masikio njiani, hata kabla mama zao hawajakuomba.

Mdogo wako Kamate anakuwaza kuliko sisi sote. Vita vilipomvunja mguu, hospitalini walimtuliza kwa sindano za morfini. Mguu ukaunga, lakini mwili ukakataa kuachana na dawa. Alitetemeka, akatapika, akauza hadi blanketi la mama. Wajomba walileta kamba wamfunge mpaka pepo amtoke. Ukawazibia mlango.

“Hapana mumufunge! Huyu hana pepo, ni mugonjwa. Dawa tutamupunguzia kidogo kidogo, mpaka mwili uzoee.”

Ukampimia kwa kijiko siro, dawa ya maji ya morfini, kama daktari alivyoagiza, kila mara pungufu kidogo. Alikutukana. Alikulilia umwongezee. Hukumwongezea, wala hukumwacha. Siku alipoomba sahani ya pili ya sombe, ulicheka mpaka machozi.

Kisha akaja Kabongo, askari mzaliwa wa Kasai. Kidonda chake kilikuwa kimepona, ila naye mwili ulidai morfini. Wenzake ndio waliochoma duka letu. Mama akafoka, “Huyu hapana, Virginie! Umesahau duka?”

“Sijasahau, mama. Lakini anatetemeka sawa na Kamate.”

Dawa ya Kabongo ilipoisha, ulipanda piki kwenda kuitafuta Beni. Njia ilikuwa mbaya wiki hiyo, watu walikuwa wakivamiwa. Kamate alikushika mkono kukuzuia, ukajinasua, ukaenda. Jioni walikuleta umefunikwa kitenge.

Baada ya mazishi, Kabongo alisimama nje ya lango la lupango letu, jasho likimtiririka, hathubutu kuingia. Wengi tulitaka afukuzwe. Kamate alimtazama sana, akaingia ndani, akatoka na mkeka, akakaa naye. Masista wa zahanati walipopata dawa, yeye ndiye aliyemsimamia kuinywa, pungufu kwa pungufu, mpaka akaiacha.

Leo Kabongo ni mzima. Mama bado hawezi kumwitikia salamu, na hatumlaumu. Kamate naye hujiuliza ingekuwaje kama angekushika mkono kwa nguvu zaidi. Ila mgonjwa akija anatetemeka, Kamate ndiye anayemkaribisha na kumpeleka kwa masista.

Wanaokuwaza: mama yako Joyeuse, mume wako Zacharie, wanao Jéthro na Sagesse, wadogo zako Kamate na Lusenge, na wajomba wa Vuhovi.

Hatutakusahau, Yaya, maadamu tunaishi.