Mate ya kumutafunia Kambale

Beni, siku ya ine ya juma, jua inashuka

Hapana, leo nimeshindwa kabisa kumutafunia mutoto wangu.

Tumetoka Eringeti na miguu siku mbili, tukikimbia basoda na masasi ya bunduki yao, Kambale ku mugongo, sufuria na blanketi ku kichwa. Kila kilima nilipanda mbio. Mayi ya kunywa ya mu kidumu nilimupatia yeye tu, na hiyo pia ilimalizika jana asubui. Mimi nilijisemea, mutu mukubwa anavumilia.

Kumbe! Hapa ku kanisa batu bametupatia kiazi ya kuchemsha. Kambale hana meno ya kutosha, donc ni mimi namutafunia kila siku, vile mama yangu alinifanyia. Nimetafuna, nimetafuna. Mate hapana. Ile kidogo iko nzito kama gundi, inashika ku ulimi, na kiazi inabaki unga. Nikamuwekea mu kinywa hivyo hivyo. Ikamukaba, akatapika yote.

Mama Kavira, jirani yetu, ameninyanganya sahani.

"Lakini mate itatoka wapi, na umekimbia siku mbili bila kunywa? Kunywa wewe kwanza!"

Nimekunywa kopo mbili. Ulimi ingali kavu. Mungu, itarudi lini? Mutoto iko na njaa sasa.

Tangu meno ianze kumuota, nilikuwa namukasirikia Kambale kila siku juu ya mate yake, inalowesha kila nguo ninayovaa. Sasa hivi nimemupangusa kidevu, kwa mazoea tu.

Iko kavu. Tangu jana asubui na yeye hajakunywa mayi.