Upepo wa Shamali na Nyonga ya Muayyad

Mtaa wa Mashariki,
Al-Mubarraz, Al-Ahsa.
7 Machi 2023

Mpendwa ndugu yangu Abdulrida,

Amani ya Mungu iwe juu yako. Natumaini u mzima, wewe na Wadia na watoto, na kwamba theluji ya Calgary haijakizidishia kifua chako kile kikohozi. Magoti yangu yanalalamika kama kawaida. Wengine hapa nyumbani ni wazima, isipokuwa mmoja, na huyo ndiye sababu ya barua hii.

Jana asubuhi Daktari Sukaina, wa wodi ya magonjwa ya damu, alisema kichwa cha mfupa wa nyonga ya kushoto ya Muayyad, mtoto wa kaka yetu, kimekufa. Neno ni lake: kimekufa. Damu ilikatika pale mwezi Januari na haitarudi. Mfupa utatolewa, awekewe chuma. Ana miaka ishirini na saba.

Mara mbili umeniuliza kwenye simu kama ni kweli yale maji yalimdhuru. Kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza, kwa hiyo naandika.

Unajua amezaliwa na selimundu, kama wengi wa mtaa huu. Joto la Agosti linalotuangusha sisi, yeye hulivumilia akiwa na chupa yake ya maji. Baridi ndiyo inayomtafuta. Ikimpiga, damu hukwama kwenye mishipa, na palipokwama panauma kama pamepondwa kwa nyundo. Harusi yake ilipangwa Januari ili ilingane na likizo yako. Likizo ukaisogeza. Tarehe ikabaki.

Muayyad aliomba aogee nyumbani lile josho la bwana harusi, kisha apelekwe ukumbini kwa gari. Kaka yetu Maatuq alikataa mbele ya watu. "Mwanangu haogeshwi chumbani kama maiti," alisema. "Mimi nilitolewa chemchemini kwa ngoma, na baba yangu vilevile." Chemchemi zimekauka, unajua, kwa hiyo walijaza birika kubwa la shambani kwa maji ya kisima. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Hilo naliandika ili usije ukasema sikulitaja.

Jua lilikuwa linazama na shamali, upepo baridi wa kaskazini, inavuma. Muayyad alisimama ukingoni amevaa koti lake zito. Wewe ulikuwa kwenye simu, Maatuq ameiinua juu ili uone. Muayyad alikuambia wewe, si baba yake: "Ami, maji hayaniui. Nikitoka majini ndipo upepo unaniua. Waambie."

Ulimjibu: "Mwanamume si sukari, hayeyuki! Mtumbukizeni huyo binti!"

Vijana walicheka, wakamtumbukiza.

Alipotoka walimfuta harakaharaka, wakamvika kanzu mpya na joho la bwana harusi. Yeye akavaa tena koti lake juu ya kanzu, chini ya joho. Akafika nalo hadi lango la shamba, walikosubiri wanawake na vyetezo vya ubani. Hapo mama yake akasema joho limefanya nundu, picha zitaharibika, akamvua koti. Kutoka langoni hadi ukumbini ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, kwa sababu ngoma haina haraka.

Njiani alianza kutetemeka. Binamu zake wakaimba, "Bwana harusi anamwogopa bibi harusi!" Akasema mguu unamuuma. Mmoja akamjibu, "Subiri mpaka asubuhi, ndipo utajua maumivu." Kicheko hicho ulikisikia, ulikuwa bado hewani. Karibu na msikiti alikaa chini barabarani, na joho lake jipya. Maatuq alimwambia ainuke asimwaibishe. Hakuinuka. Alikuwa anajiuma mkono.

Tulimpeleka hospitali. Siku ya pili kifua nacho kiliziba, akawekewa mashine ya kupumulia. Ukumbini Maatuq aliamuru wageni wale, maana wali ulikuwa tayari. Walikula. Bibi harusi, Masuma, ambaye ndoa yake na Muayyad ilikuwa imekwisha kufungwa, alikaa kwenye kiti chake amepambwa mpaka dada yake alipokuja kumwambia.

Maatuq alikutana naye wodini wiki iliyofuata. Akamwambia, "Binti, kama unataka mume mzima, sema mapema. Sisi hatukukuficha kitu."

"Hamkunificha, Hajj," Masuma akajibu. "Tulipimwa kabla ya ndoa, nikaijua damu yake. Mimi siogopi ugonjwa wake. Nawaogopa ninyi."

Maatuq akamgeukia Muayyad ili amkanye mkewe. Muayyad alifumba macho, akasema amechoka.

Sasa nafika kwenye ombi la Maatuq. Anataka umpigie Muayyad simu, umwambie akitoka hospitali arudi nyumbani kwa baba yake, kwamba vyumba vya chini vimepakwa rangi kwa ajili yao. Anasema wewe ndiye ami aliyempenda zaidi. Nilimpelekea Muayyad ujumbe huo jana, baada ya daktari kuondoka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie ami nimefuta namba yake," alisema. "Na baba asije siku ya upasuaji. Masuma atakuwepo."

Mama yake alikuwa amekaa palepale, anamenya chungwa. Akauliza, "Na mimi, mwanangu?"

"Mama, wewe ndiye uliyenivua koti."

Aliliweka chungwa kwenye sahani, akatoka. Hakukusudia madhara alipomvua koti, na Muayyad anajua hakukusudia.

Kwa hiyo usipige simu. Ukitaka kufanya jambo, mwandikie Maatuq, umwambie wewe mwenyewe ulichosema kwenye simu pale birikani, kwa sababu yeye anawaambia watu ni vijana waliolazimisha.

Nisalimie Wadia, na Hashim, na Zakiya mdogo. Mungu awalinde na baridi ya huko, na atupe sote uso wa kumtazama mtoto huyu. Waambie wasikate tiketi za kiangazi. Upasuaji ni Jumatatu, tarehe 20 Machi. Harusi itafanyika Alhamisi, tarehe 6 Julai, saa tisa mchana, uani kwa baba yake Masuma kule Dammam, mahali alipopachagua Muayyad mwenyewe, pasipo na kivuli wala kiyoyozi. Kutoka nyumba yetu hajaalikwa mtu.

Ndugu yako akupendaye hata hivyo,
Tahir