Ufunguo wa Geti la Kinyerezi

Baba,

"Tanzania hatukufungiwa ndani, kwa hiyo msiseme kufungiwa kulimuua mzee." Kaka Elia kayarudia hayo Jumapili, mdomo umejaa wali, Mama anasikia. Uongo! Serikali haikukufungia. Tulikufungia sisi wanao, tena kwa mapenzi, na mkono uliozungusha ufunguo ulikuwa wangu.

Kila asubuhi ulishuka kwa miguu hadi kijiwe cha kahawa, ukivipita viwili vya karibu, kwa sababu wabishi wa kweli walikuwa kwenye kile cha mbali. Daktari wako wa presha alikusifu: mwendo ule ni nusu ya dawa. Korona ilipoingia nikafunga geti, nikaficha ufunguo. Kliniki nikakukataza. Vidonge vilipopungua nikakukatia nusu nusu. Mie, niliyesoma vitabu vyote vile! Asubuhi na jioni nikakufunika blanketi ujifukize, ukatoka umelowa, unahema, bado unatania: "Mwanangu, hata mfungwa hutolewa nje kuota jua."

Nilicheka. Sikufungua.

Ukawa unazunguka uani, tangi la maji hadi banda la kuku, banda la kuku hadi tangi. Kisha ukaacha. Ukakaa tu unatazama geti, miguu imevimba. Siku uliyoanguka, mdomo umekwenda upande, nilipekua jiko zima nikitafuta ufunguo niliouficha mwenyewe. Ulikuwa ndani ya kopo la majani ya chai. Baba, nisamehe... Daktari alisema presha ilikuwa juu siku nyingi bila mtu kuipima, mshipa wa kichwani ukapasuka. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Sasa ufunguo anao Elia, na anayefungiwa ni Mama. Korona imepita, sababu hazijaisha: leo mafua, kesho bodaboda watamgonga, keshokutwa vibaka. Mama naye miguu imeanza kuvimba. Jana kaninong'oneza, kama mtoto anayeomba ruhusa: "Eti naweza kwenda kusali jumuiya? Nitarudi upesi."

Mama yangu, mwenye nyumba yake!

Pumzika, Baba. Nakuahidi, Jumatatu nampeleka kliniki, kisha tutashuka wawili taratibu hadi kijiweni kwako, abishane na wazee wako. Na barua hii nitaisoma kwa sauti Jumapili hii, chakula kikiwa mezani.

Elia, na wewe dada Neema unayemuunga mkono: mmenisikia. Wekeni ufunguo mkononi mwa Mama. Sasa hivi, kabla hatujanawa.